Nina pointi 118,000 kwenye kadi na deni la dola 3,200. Je, nitawafikisha watoto Tanga?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Houston, Texas, mwaka wa kumi na tatu sasa. Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mume wangu ni dereva wa lori la kampuni. Watoto wote wamezaliwa huku. Wa kwanza ametimiza miaka 11 mwezi uliopita, wa pili ana 8, kitindamimba ana 4. Mama yangu yuko Tanga, na hajawahi kumpakata hata mjukuu mmoja.

Jumapili tukimpigia simu ya video anaisogeza mpaka inakaribia kugusa jicho, kwa sababu ana mtoto wa jicho. Watoto wanaona kipaji cha uso na ukingo wa kanga tu. Wiki mbili zilizopita kitindamimba akaniuliza, "Mama, bibi ana mdomo?" Wenzake walicheka. Mimi nilikwenda jikoni nikafungua bomba la maji nisisikike nikilia.

Jambo lenyewe ni hili. Nina kadi mbili za mkopo. Moja ni Chase Sapphire Preferred, ile ya ada ya dola 95 kwa mwaka. Nimeitumia kwa mboga, mafuta ya gari na bili za simu, nailipa yote kila mwezi, na imekusanya pointi 118,000 ambazo sijawahi kuzigusa. Ya pili ni ya benki nyingine, na hiyo ina deni la dola 3,200. Riba yake ni asilimia 24. Mwezi wa tano nilitumia hiyo ya pili kumtumia mama dola 600 za upasuaji wa jicho la kwanza, kupitia programu ya kutuma pesa kwenye simu. Bili ilipokuja nikakuta nimekatwa dola 30 juu, na riba imeanza kuhesabiwa siku ileile. Tangu hapo nalipa kile kiwango cha chini tu na deni halisogei.

Shoga yangu mmoja kwenye upatu wetu ananishauri mambo matatu. Nifungue kadi tatu mpya kwa mpigo nivune bonasi zote. Michango ya upatu niipitishe kwenye kadi yangu, wenzangu wanipe pesa mkononi, mimi nibaki na pointi. Na pointi nilizonazo nizihamishie shirika la ndege leo hii, kabla benki hawajazishusha thamani. Mume wangu naye anasema benki haimpi mtu kitu bure, tununue televisheni kwa hizo pointi kisha tuikate kadi kwa mkasi. Tumeshagombana mara mbili kwa ajili ya hili.

Upatu wetu ni wa watu kumi, dola 500 kila mtu, na zamu yangu ni Oktoba. Nilitaka zile 5,000 ziwe mwanzo wa nauli. Tunatamani kusafiri wote watano Juni, shule zikifungwa. Naomba uniambie nani kati yao ana haki, na kama safari hii inawezekana au najidanganya.

Mama Watatu, Houston

*

Marahaba mwanangu. Safari inawezekana, ila ianze pasipohusu ndege kabisa.

Oktoba ukipokea upatu, dola 3,200 zilipe deni siku hiyohiyo. Usisubiri wiki, usinunue masanduku. Najua inauma kuona pesa uliyoisubiri miezi inaingia benki na kupotea, lakini tazama hesabu. Deni la 3,200 kwa riba ya asilimia 24 linakula kama dola 64 kila mwezi. Kwa mwaka hiyo ni zaidi ya dola 760. Sasa wewe ukitumia dola 1,500 kwa mwezi kwenye ile kadi ya pointi, unapata pointi 1,500, pengine 2,500 kwa sababu baadhi ya vitu vinalipa zaidi. Hata tuseme kila pointi ina thamani ya senti moja na nusu, umeingiza dola 37. Mkono mmoja unaingiza 37, mwingine unatoa 64. Ndoo ina tundu, na utateka maji mpaka uchoke.

Ile dola 30 uliyokatwa, nikueleze, kwa sababu najua wenzako wengi wanaosoma hapa wametumbukia shimo hilohilo. Ukitumia kadi ya mkopo kutuma pesa nyumbani, benki nyingi hazihesabu kwamba umenunua kitu. Zinahesabu umekopa fedha taslimu, sawa na kuingiza kadi kwenye mashine ukatoa noti. Ada yake kwa kawaida ni asilimia 5, ndiyo maana 600 ikazaa 30. Riba yake mara nyingi ni ya juu zaidi, na inaanza siku ya kwanza bila ile nafasi ya wiki tatu hivi unayopewa ukinunua mchele dukani. Na pointi hupati hata moja. Pesa ya mama itoke kwenye akaunti yako ya benki moja kwa moja, au kwenye kadi ya debiti kama programu haitozi sana. Sikulaumu hata kidogo. Jicho la mzazi likisubiri, mtu hasomi masharti yaliyoandikwa kwa herufi za mchwa.

Sasa mumeo. Naomba umsomee aya hii, kwa sababu ana haki kuliko unavyofikiri. Benki kweli haitoi bure. Kila unapopitisha kadi, mwenye duka anakatwa asilimia fulani ya mauzo, na kipande cha hiyo ndicho kinachorudi kwako kama pointi. Fungu jingine linatoka kwa wanaolipa riba. Maana yake mtu anayelipa bili yote kila mwezi anasafirishwa, kwa sehemu, na jirani yake mwenye deni. Ninyi mmekuwa wote wawili kwa pamoja: kwenye kadi moja mnasafirishwa, kwenye nyingine mnasafirisha wengine. Baba watoto ameuona upande mmoja, na ameuona vizuri.

Ila kuhusu televisheni na mkasi, mwambie asubiri. Ukitumia pointi za Chase kulipia vitu Amazon, kila pointi inahesabiwa senti 0.8. Pointi zako 118,000 zinakuwa dola 944. Ukizigeuza kuwa pesa tu zinaingia kwenye akaunti kama dola 1,180, kwa hiyo hata kama mngetaka televisheni, hiyo njia ya Amazon ni hasara. Na ukiifunga akaunti pointi zikiwa bado ndani, zimekufa. Mkasi ungekata nauli.

Thamani kubwa iko kwenye ndege, lakini si kila ndege. Kuna hesabu ndogo ambayo nataka uifanye kwa mkono wako kila mara, kabla hujakubali kitu. Chukua bei ya tiketi kwa pesa. Toa kodi na ada ambazo utalazimika kulipa hata ukitumia maili, yaani pointi za shirika la ndege. Kinachobaki gawanya kwa idadi ya maili wanazotaka. Tuseme tiketi ni dola 1,700, na kwa maili wanataka 80,000 pamoja na kodi ya dola 120. Elfu moja mia tano na themanini gawanya kwa elfu themanini, unapata karibu senti 2 kwa maili. Chukua. Siku nyingine utakuta tiketi ni dola 1,100, kwa maili wanataka 90,000 na ada 300. Hapo ni chini ya senti 0.9. Lipa pesa, pointi zako ziache zilale. Namba hizi ni za mfano tu, bei za maili hupanda na kushuka kama za nyanya, lakini njia ya kuhesabu haibadiliki.

Uko Houston, na hapo una bahati. Pointi za Chase zinahamia kwenye mpango wa maili wa Air France na KLM, unaoitwa Flying Blue, pointi moja kwa maili moja. KLM inaruka kutoka Houston hadi Amsterdam, na kutoka Amsterdam inakwenda Kilimanjaro na Dar es Salaam. Ndege mbili tu, na kwa mtu mwenye mtoto wa miaka minne kila kiwanja unachokiepuka ni neema. Angalia Kilimanjaro na Dar zote mbili. Viti vikikosekana Dar, pengine vipo KIA, na kutoka Moshi mnateremka na barabara: Same, Mombo, Korogwe, Muheza, mpaka Tanga. Kwa umbali haitofautiani sana na kutokea Dar.

Na huko Flying Blue kuna kitu kinachokuhusu wewe hasa. Mtoto wa miaka 2 hadi 11 hupunguziwa asilimia 25 ya maili. Kwa mfano wangu wa juu, tiketi ya 80,000 kwake inakuwa 60,000. Binti au kijana wako wa kwanza ametimiza 11 mwezi uliopita. Juni ijayo bado atakuwa 11. Juni ya mwaka unaofuata atahesabiwa mtu mzima. Kama ulikuwa unatafuta sababu ya kutoahirisha, hiyo ni moja.

Njia ya pili ni maili za United, ambazo nazo zinapokea pointi za Chase. Houston ni moja ya vituo vyao vikubwa. Ethiopian Airlines iko kwenye umoja mmoja nao, Star Alliance, kwa hiyo maili za United zinaweza kukutoa Houston kwa United hadi Washington au Chicago, halafu Ethiopian hadi Addis Ababa, halafu Dar au Kilimanjaro. Ndege zinakuwa tatu. Faida yake ni kwamba United hawaongezi ile tozo ya mafuta kwenye tiketi za maili, wakati Flying Blue wanaiweka, na kwa watu kadhaa inaweza kufika mamia ya dola. Pia ukibadili mawazo, maili za United zinarudi kwenye akaunti bila faini. Kwa hiyo pima zote mbili kwa ile hesabu, usiamue kwa kusikia.

Hapa ndipo nimpinge shoga yako kwa nguvu. Usihamishe pointi leo. Pointi zikishatoka benki kwenda shirika la ndege hazirudi. Hakuna wa kumpigia simu wala wa kumlilia. Miaka kadhaa nyuma nilitaka kumpeleka mwanangu kwenye harusi ya mdogo wangu Mombasa. Nikahamisha pointi 90,000 kwenda shirika moja jioni, nikasema viti nitaviangalia asubuhi nikiwa na utulivu. Asubuhi hakukuwa na kiti hata kimoja wiki nzima ya harusi. Nikalipa nauli kwa pesa niliyoazima, na maili zile zikakaa miaka mpaka zikaisha muda, nikipokea barua pepe za kunikumbusha. Nakumbuka mpaka leo nilivyokaa kitandani na simu mkononi, nikiifungua na kuifunga ile kurasa kana kwamba viti vitatokea. Kwa hiyo: kwanza unatafuta viti kwenye tovuti ya shirika, unaviona kwa macho, tarehe na watu wote, ndipo unahamisha, na unakata tiketi palepale. Kutoka Chase kwenda United au Flying Blue kwa kawaida ni suala la dakika. Pointi zikiwa bado Chase haziishi muda maadamu akaunti iko wazi. Maili za Flying Blue zikikaa miezi 24 bila shughuli zinafutwa. Anayeogopa thamani kushuka anaogopa jambo la kweli, lakini dawa yake ni kusafiri mapema.

Kuhusu upatu kupita kwenye kadi, hapana. Programu za kutumiana pesa zinatoza kama asilimia 3 ukitumia kadi ya mkopo, na benki inaweza kuihesabu fedha taslimu kama ile ya mama. Pointi 500 kwa ada ya dola 15, hata mtoto wako wa miaka 8 atakwambia si biashara. Halafu kuna la uzito zaidi: siku mwenzenu mmoja akichelewesha mchango wake, benki haimjui yeye. Inakujua wewe.

Kadi tatu kwa mpigo, pia hapana. Kila bonasi inakutaka utumie maelfu ya dola ndani ya miezi mitatu, na watu wenye haraka ya bonasi ndio wanaoanza kununua vitu wasivyovihitaji. Kila ombi linagusa alama zako za mkopo, zile ambazo benki hukupimia kabla ya kukukopesha, na kama mnafikiria kununua nyumba siku za karibu mtajuta. Chase wenyewe wanajulikana kumkatalia mtu aliyefungua kadi tano au zaidi, za benki yoyote, ndani ya miezi 24.

Kadi moja ninaikubali, na si yako. Ni ya mumeo, na baada ya deni kuisha tu. Wewe una kadi hii tayari, kwa hiyo bonasi ya kujiunga ni haki yake yeye. Mwalike kupitia akaunti yako, kwa sababu mara nyingi benki humpa pointi na aliyemwalika. Ofa hubadilika, lakini imekuwa mara kwa mara pointi 60,000 au zaidi kwa kutumia dola 4,000 hadi 5,000 katika miezi mitatu. Msinunue kitu kipya hata kimoja. Hamishieni huko mboga, mafuta, umeme, simu, na bima za magari, mkiweza kulipa miezi sita kwa mara moja, iangukie ndani ya hiyo miezi mitatu. Kodi ya nyumba iacheni kama mwenye nyumba anaongeza asilimia 2 au 3 kwa kutumia kadi. Siku ya kwanza kabisa aweke malipo ya bili yote yajikate yenyewe kutoka akaunti yake. Yote, siyo kiwango cha chini. Hilo nadhani ndilo litakalomtuliza moyo, kwa sababu kwake kadi itakuwa kama debiti inayochelewa wiki chache. Na Chase wanaruhusu pointi zake zihamie kwako, maadamu mnaishi nyumba moja.

Akianza mwishoni mwa Oktoba, kufikia Februari mnaweza kuwa na zako 118,000, zake kama 65,000, za mwaliko pengine 10,000, na hizo utakazoongeza wewe. Unakaribia 200,000. Kwa bei za mfano wetu, hiyo ni tiketi yako na za watoto wawili: 80,000 na 60,000 na 60,000. Nimeweka mtu mzima pamoja na watoto kwa makusudi, maana kwenye mtandao huwezi kumkatia mtoto tiketi peke yake. Mumeo na mtoto wa tatu walipiwe pesa kwenye ndege ileile. Kateni siku moja, mmekaa meza moja, kila mmoja na skrini yake, kisha mpige simu shirika wayaunganishe hayo makundi mawili ya tiketi ili mkichelewa Amsterdam mshughulikiwe kama familia moja. Zile 1,800 zinazobaki kwenye upatu baada ya deni ni nauli ya mmoja wao. Ya pili itafuteni kati ya Novemba na Februari, na zile dola mlizokuwa mnazitupa kwenye riba zianze kuingia huko.

Juni kila mtu anataka kwenda nyumbani, viti vya maili ni vichache. Anza kuchungulia sasa uzoee bei. Ukiweza kutoka siku mbili tatu baada ya shule kufungwa, Jumanne au Jumatano, utaona tofauti. Na ile kodi ndogo ya tiketi za maili ilipie kwa kadi ya Sapphire, maana ina bima ya safari: ndege ikichelewa zaidi ya saa 12 au mkilazimika kulala njiani, kuna fidia ya chakula na hoteli hadi dola 500 kwa tiketi. Tunza kila risiti.

Pointi hazilipi viza. Watoto wana pasipoti za Marekani, na viza ya Tanzania kwa Wamarekani ni dola 100 kwa kila mmoja. Ninyi wazazi kama mmeshachukua uraia wa huku, nanyi pia. Toa pasipoti za watoto kabatini usiku wa leo uzitazame tarehe, kwa sababu za watoto zinaisha baada ya miaka mitano na mara nyingi tunagundua tumeshakata tiketi.

Na kama Februari ikifika na namba za watu watano zimegoma, nenda wewe na watoto. Baba watoto atakuja safari nyingine, naamini atakubali ukimwambia kwa upole na mapema. Upasuaji wa jicho la pili usiusubirishe kwa ajili ya nauli. Mtumie mama kidogokidogo kutoka akaunti ya benki, ili mtakapofika afungue mlango akiwa anawaona vizuri.

Mkifika, mpe shikamoo yangu. Na huyo kitindamimba mketishe mapajani kwa bibi yake, autazame huo mdomo mpaka aridhike.

Shangazi